Ngitili ya Baba Si Kuni za Shule

Tanga

Mwangaluka, mayu, mama yangu,

Miguu yako inaendeleaje? Na wote hapo nyumbani Kasoli hawajambo? Mimi mzima, ingawa kiwanda chetu cha katani kimeuzwa na tajiri mpya ametugeuza vibarua. Asubuhi usipoitwa jina unarudi ulikotoka. Hayo nitayamudu. Yaliyonikosesha raha ni aliyonieleza kaka Masanja, ambaye ndiye anayekuletea barua hii.

Mayu, nimekasirika wala sifichi. Mwalimu mkuu anawapaje wanafunzi mapanga wakakate miti ndani ya ngitili ya marehemu baba, eti wapate kuni za kuchomea matofali? Malisho yale tunayafunga tangu mvua za kwanza, ili kiangazi kikikaza ndama na ng'ombe waliodhoofika wapate nyasi. Hata mchungaji mkorofi haingizi mbuzi mle. Na kipindi chenyewe, anasema Masanja, kilikuwa cha somo la mazingira! Wiki hiyo hiyo binti yangu Kabula alikuwa amenakili kutoka ubaoni maana ya jangwa. Alipokataa kushika panga akachapwa viboko, akafukuzwa mpaka aombe radhi mbele ya shule nzima.

Nawe umekubali kumpeleka shule zikifunguliwa, na jogoo wa kumwombea radhi mkononi! Kwa nini, mayu?

Najua unaogopa asije akakosa mtihani wa kumaliza shule. Mimi niliufaulu mtihani huo. Nilieleza ngano ya Kanada na mito ya Ulaya, nikapigiwa makofi. Baba aliponiuliza ngitili ifunguliwe lini, nikamcheka, nikamwambia hayo ni ya wachunga ng'ombe. Naona aibu mpaka leo. Sasa mvua hazieleweki, wanunuzi wapya wa pamba wanawahimiza watu wafyeke kila pori, na shule inamchapa mtoto pekee aliyejua la kufanya. Ukame ukizidi, mwalimu mkuu ataomba uhamisho. Kabula ataomba uhamisho kwa nani?

Jogoo abaki bandani. Nendeni na mjomba kwenye kamati ya shule, mwalimu ndiye ajieleze.

Nisalimie huyo mjomba, shangazi anayekusaidia kulima mpunga, na wifi yangu, mke wa Masanja.

Na wewe Kabula, unayemsomea bibi barua hii, hapa usiruke. Soma kwa sauti: mwanangu, huna kosa, na hutaomba radhi.

Ni mimi mwanao,
Mbuke