Majivu ya Mboga Tanurini

Binti yangu Kemuma,

Funika udongo ulio kwenye gurudumu la kufinyangia kwa gunia bichi. ~~Usikaribie tanuri.~~ Kisha nenda tanurini ukajionee.

Juma lililopita nilikugombeza kwa kutia majivu ya maganda ya ndizi, ambayo nyanya yako hulainishia mboga, katika rangi yangu ya kung'arishia mabakuli. Niliamini kazi ya miezi miwili imeharibika. Alfajiri nimefungua tanuri kwa hofu: mabakuli yote ni mazima, yanang'aa kama jani la mgomba lililonyeshewa. Nilishusha pumzi. Nyanya yako akanicheka: “Mwalimu, leo umefunzwa na mboga!”

Nisamehe, mwanangu. Niandikie vipimo ulivyotumia, maana mimi sivijui.

Bakuli lililokandamiza karatasi hii ni lako.

Baba