Boriti Nyuma ya Dari

Bigwa, Alhamisi

Nimesema uongo tena, na safari hii kwa mjukuu wangu.

Zuhura anasomea usanifu majengo. Leo alikuwa akichora kwenye kompyuta dari ya ngazi tatu, inayoshuka kwa vidato, ya ile nyumba niliyoisanifu ujanani, ambayo watu wa hapa wanaiiga mpaka leo. Kila ngazi aliichora peke yake, kwa kimo chake. Alipoipandisha ile ya chini kabisa, boriti ikachomoza.

"Babu, mbona boriti imeshuka hivi?"

"Fundi alikosea," nikajibu, bila hata kufikiri.

Akacheka. "Kumbe babu ulimsitiri fundi." Akaandika pembeni mwa mchoro: kosa la fundi.

Fundi Salehe hakukosea. Kiwanja kilikuwa cha mteremko, nami nilipima kimo upande wa bondeni tu, hivyo upande wa juu boriti ikawa chini mno. Yeye alijenga kama nilivyochora. Mwenye nyumba alipofoka, nilimtupia Salehe lawama, kisha nikachora zile ngazi za dari ili kuificha boriti. Mimi nikasifiwa. Yeye akafukuzwa mbele ya vibarua wake, na hakuna aliyempa tena nyumba ya kujenga mjini.

Daktari hanifichi tena kuhusu moyo wangu. Zuhura anakabidhi kazi yake Jumatatu, na nisipomwambia kabla ya hapo...

Salehe yu hai, yuko Kinole. Kila Idi hunitumia mdalasini, kwa sababu siku ile alipofukuzwa nilimwambia kwamba nilimtetea.