Simu Yako Ilipokaa Kimya, Abuya

Abuya Guyo,

Nakupa salaam, mjomba wangu, kama tunavyowapa watu wa makaburini tukipita, nikiamini inafika. Nimekaa kwenye kiti chako dukani, kile chenye mguu uliolegea, na tangu nianze ukurasa huu nimesimama mara nne. Naenda kuangalia seva, lile sanduku linalochunga visima vyako vitatu, narudi. Taa zake zinawaka. Naandika sentensi mbili, nasimama tena. Jumatatu narudi shule, na kule simu haziruhusiwi, kwa hiyo ni lazima nikwambie sasa.

Tangi la maji la kijiji cha Sericho lilikauka, na kosa ni langu.

Nilitaka kuanza kwa kusema “unakumbuka zile siku tatu za msiba,” kisha nikatambua kwamba msiba ulikuwa wako. Basi nikueleze. Nyumba ilijaa watu. Simu yako iliwekwa kwenye rafu ya sebuleni, na hatukuweza kuizima kwa sababu watu wa Garba Tula na Sericho walikuwa wakiipiga kutoa pole. Lakini kila mtandao wa Sericho ulipoyumba, seva ilikutumia ujumbe kama kawaida yake, na simu ikalia. Kila ikilia, Mama aliinua macho kutoka kwenye Kurani na kuitazama rafu, kama dada anayesikia kaka yake akiitwa kutoka nje. Mara ya tano akaniambia, “Qabale, mwambie hicho kitu mwenyewe hayupo. Mimi siwezi.”

Nikaja dukani mchana ule. Nikafungua faili la watu wa kuarifiwa, nikaweka alama ya reli, hii #, mbele ya mstari wenye nambari yako, kama ulivyonifundisha: mstari wenye alama hiyo, seva inauruka. Nikaanzisha huduma upya. Nikajiambia ni siku tatu tu.

Siku ya nne nilirudi, nikaiondoa alama, nikahifadhi faili, nikafunga duka. Nilikuwa nalia, Abuya. Sikuanzisha huduma upya. Wewe ulinirudia jambo hilo mpaka nikachoka kulisikia: seva husoma faili inapoanza, na baada ya hapo inakwenda na kile ilichosoma. Faili lilikuwa sahihi kabisa. Seva ilikuwa bado inakaa matanga.

Wiki ya pili pampu ya Sericho ikasimama. Plagini yako, ile programu ndogo uliyoiandika ipime kina cha tangi kila dakika tano, ilifanya kazi yake yote. Nimesoma kumbukumbu zake. Onyo. Onyo. Hatari. Hatari. Ukurasa baada ya ukurasa. Ilipiga kelele ndani ya lile sanduku na hakuna aliyeambiwa.

Mama Talaso, anayeshika ufunguo wa pampu, hakupanda ngazi kuangalia tangi. Kwa nini apande? Miaka yote hii ulimpigia wewe kabla maji hayajashuka. Anasema walizoea kuambiana, “Guyo hajapiga, maji yapo.” Na baada ya kukuzika wakasema, “Guyo amekufa, lakini mashine yake haijafa.” Wakaendelea kuchota. Bomba lilipoanza kukoroma hewa, kule juu kulikuwa kumebaki tope.

Fundi alipoitwa alitoka hapa mjini na gari la mizigo, akafika na kumaliza kazi siku ya pili yake. Siku hizo mbili watoto hawakwenda darasani, walikwenda na punda kutafuta maji. Mama Talaso alikuwa na ndama mmoja dhaifu. Ndama huyo hakuiona siku ya pili.

Nilimpigia nikamweleza kila kitu, alama ya reli, msiba, kulia kwangu, yote. Kisha akasema, “Kumbe ni wewe.” Halafu akaniuliza kama nimekula. Nilivumilia lile la kwanza. Hili la pili lilinishinda.

Sasa nikwambie jambo ambalo nisingethubutu kulisema ukiwa umekaa kwenye kiti hiki. Hata kama ningeanzisha huduma upya, ujumbe ungekuja wapi? Kwenye simu ya marehemu, juu ya rafu. Maonyo ya visima vyote vitatu yalikuwa na mlango mmoja, na mlango huo ulikuwa wewe. Likizo ya Agosti nilikuuliza kwa nini tusiwatumie watu wa Sericho moja kwa moja. Ulicheka mpaka ukaweka kikombe chini. “Wakiona CRITICAL watadhani ni jina la dawa ya ng'ombe.” Nami nikacheka. Nakupenda, Abuya, na bado nasema tulikosea. Tungeweza kuandika ujumbe ule kwa Kiborana tangu mwanzo. Niliifanya kazi hiyo juzi, na chai yangu haikuwa imepoa nilipomaliza.

Nilifungua plagini zote tatu. Palipokuwa na lile neno la Kiingereza, la dawa ya ng'ombe, sasa kuna maneno machache ambayo hata mtoto wa chekechea kule anayaelewa: maji yanaisha, nenda ukaangalie pampu. Onyo moja linakwenda kwa watu watatu. Kwa Sericho ni Mama Talaso, fundi, na mwalimu wa shule ya pale.

Kisha nikafika kwenye nambari yako. Niliweka alama ya reli tena, nikaitazama, nikajua kwamba nakuficha tu ili nisikuondoe. Nikaufuta mstari wote. Nikaanzisha huduma upya. Nikaianzisha tena, isije ikawa mikono yangu ilinidanganya.

Ilibidi nijaribu. Bila kumwambia mtu, nikapandisha kiwango cha onyo cha Sericho mpaka ukingoni mwa tangi, ili plagini ilie hata kama maji yamejaa. Nikasubiri. Nilikwenda mlangoni, nikarudi. Wanaume walipita na mbuzi kuelekea sokoni. Nikahesabu mbuzi. Nikarudi kwenye seva: ujumbe umetumwa. Umetumwa, lakini nani ameusoma? Nikawaza labda Mama Talaso hana chaji. Labda ameona nambari asiyoijua akaipuuza. Labda bado anasubiri sauti yako.

Simu ikalia.

“Wewe intala!” Unajua kila binti humwita hivyo, kama anamkemea. “Nimepanda ngazi na hii magoti yangu. Tangi imejaa mpaka nimenawa uso. Mbona mashine yako inaongopa?”

Nikamwambia lilikuwa jaribio.

“Jaribu na magoti yako. Na ufundishe hiyo kitu salaam. Guyo alikuwa anasalimia kwanza.”

Alipanda, Abuya. Hakupigiwa na mtu, na alipanda.

Nimeirudisha plagini kwenye kiwango chake, na nimeongeza salaam mwanzoni mwa kila onyo. Kila asubuhi saa moja seva itawatumia neno moja la kusema ipo. Lisipofika, watampigia Mama, naye atakuja kuangalia kama umeme umekatika. Ameshika ufunguo wa duka. Mwanzoni alikataa hata kuugusa.

Bado sijatulia. Najua nitakuwa kwenye somo la kemia na akili yangu iko juu ya lile tangi, na sitakuwa na namna ya kuuliza. Labda ndivyo ulivyoishi wewe miaka yote, simu mkononi hata wakati wa kula, nasi tukikusema.

Nisamehe kwa zile siku mbili. Mwenyezi Mungu akupanulie kaburi na akuangazie. Nakuahidi hivi: likizo ikifika, kabla sijafungua duka, nitasafiri hadi Sericho. Nitamwomba Mama Talaso radhi uso kwa uso, na nitaipanda ile ngazi kwa magoti yangu mwenyewe. Kisha nitakaa na binti yake, Talaso, nimfundishe kufungua faili, kulirekebisha, na kuanzisha huduma upya, mpaka anichoke kama nilivyokuchoka wewe.

Kwaheri, Abuya. Pumzika sasa. Maonyo hayaji kwako tena.

Binti ya dada yako,
Qabale