Taji la Torati Kabatini Kwako

Mdogo wangu Anshel,

Huku tu wazima, ila theluji imelemea paa la sinagogi na mabomba yamepasuka. Nawe unaniandikia nikutumie kinara cha mishumaa cha sinagogi! Una macho makavu wewe. Baba alipofariki ulichukua taji la fedha linalovikwa gombo la Torati, eti ukalisafishe, na mpaka leo linapamba kabati lako huko Toronto.

Jumapili tulilifunga sinagogi. Tumebaki wazee saba, na sala inataka watu kumi. Wenzetu wa Halifax walikuja kuchukua gombo la Torati ili waendelee kulisoma. Mmoja akaniuliza, "Mama, mbona liko kichwa wazi?" Bibi Fruma, mmoja wa sisi saba, ambaye hata mazishini halii, akavua kofia yake ya manyoya akalivika gombo, machozi yakimtoka.

"Lisitoke hapa kama mkimbizi," akasema. "Lilishakimbia Urusi, inatosha."

Kinara nimewapa Halifax. Wiki ijayo watabisha mlangoni kwako wachukue taji. Anwani nimewapa mimi. Wafungulie, Anshel. Usinipandishe treni na magoti haya.

Dada yako aliyechoka nawe,
Mindel