Chini ya Kopo la Sukari

Fordsburg, 23 Juni 2003, asubuhi

Luka,

Mama yangu alinifundisha barua haianzi bila hujambo. Haya, hujambo. Mimi sijambo ya mdomoni tu.

Nakuandikia kwa sababu mwenye mkahawa kasema akituona tena pamoja humu ndani anaita polisi. Katugawa. Mimi chai ya asubuhi, wewe chakula cha mchana. Meza ile ile ya dirishani, viti vile vile vyekundu vilivyochanika. Miaka saba tumekula pale asubuhi na mchana, leo napangiwa zamu kama choo cha hosteli. Mchana nakula mkate mkavu juu ya magunia stoo, nikipumzika kupakia mizigo. Sababu ni wewe.

Mke wangu Mwatumu kafa Handeni Jumanne. Mi napata simu Jumatano. Alhamisi naingia mkahawani macho mekundu, nakukuta umelala chini katikati ya meza, umejifunika kitambaa cha meza, unalia sauti ya kike. "Bakiri mume wangu, nakufa na njaa huku, mayai yote unakula peke yako Joburg!" Madereva wa teksi wanacheka. Mwenye mkahawa anacheka. Nimekupiga na sahani. Ningekuwa na nyundo ningekupiga na nyundo.

Usiniite mtani tena. Barua hii Angélique, mhudumu wetu, ataiweka chini ya kopo la sukari. Isome, uichane.

Bakiri. Si mtani wako.


Fordsburg, 24 Juni 2003, mchana

Kwa mtani wangu Bakiri, mtumwa wangu tangu enzi za misafara,

Hujambo? Huko stoo magunia hayajambo? Mi sijambo, ila shavu limeshonwa nyuzi nne. Angélique anasema sasa nafanana na mpira.

Nisikilize basi. We Mzigua, mi Mnyamwezi. Tumetaniana toka mababu, hatukuanza sisi. Msibani kwenu kila mtu analia, mtani ndo anachekesha. Anamuiga marehemu, analala njiani, anadai haki yake. Handeni angetokea Mnyamwezi yeyote. Hapa Joburg Mnyamwezi wako nani? Mi peke yangu. Ningekaa kimya nikakwambia pole kama karani wa posta, ningekuwa nimekutupa.

Wewe mwenyewe ulinihadithia, meza hiyo hiyo. Siku ya kumzika baba yako mtani aliingia kaburini akalala, akasema pazuri, hatoki. Watu wakacheka ndo wakapata nguvu ya kushika jembe. Ulivyokuwa unasimulia ulipaliwa na chai ikakutoka puani.

Nyama yako ya mchana nimekula mimi. Haki yangu hiyo.

Mtani wako,
Luka


Fordsburg, 26 Juni 2003

Luka,

Hujambo. Jibu sitaki.

Handeni watu wanajua utani. Hapa hawajui. Umenilazia mke wangu chini mbele ya watu wanaotafuna. Jana dereva mmoja kanisimamisha pale kwenye robot, kwenye taa za barabarani, kachungulia dirishani, kaniita Bwana Mayai. Ndo utani huo?

Halafu ungechagua neno lingine. Maneno yako mengi, mdomo wako haulali. Ukachagua mayai. Ulijua. Kila asubuhi mayai mawili na soseji ya ng'ombe, miaka saba, mbele ya macho yako. Kila mwaka namwambia Mwatumu mwakani narudi. Mwakani. Ulikuwa unanisikia nikisema kwenye simu ya kibandani. Ulikaa nayo hiyo, ukaja kuitoa siku ile.

Usiniandikie.

Bakiri


Fordsburg, 11 Agosti 2003

Mtani,

Hujambo? Watoto Handeni hawajambo? Mi nimekaa kimya mwezi na nusu kama ulivyotaka, na unajua kukaa kimya kwangu ni ugonjwa.

Ugonjwa wenyewe sasa upo. Kifua. Daktari anasema ni vumbi la mgodini, lile la zamani kabla sijaanza ulinzi. Nikipanda ngazi za kwetu Hillbrow napumzika kila ghorofa kama bibi harusi. Angélique ananiletea kari ya mbuzi, narudisha nusu. Mimi. Narudisha nyama.

Wa kunizika wapo. Mke wangu yupo, shemeji zangu wa Soweto wapo, kanisa lipo. Wataimba vizuri sana, hawa watu wanajua kuimba. Lakini nani atanitukana, Bakiri? Mnyamwezi niondoke hivi hivi, nimesifiwa tu? Nitaona aibu huko niendako.

Niandikie tusi. Moja tu. Hata dogo. Nitajua umenisamehe.

Mtani wako,
Luka


Fordsburg, 13 Agosti 2003

Ndugu Luka,

Hujambo. Nimepata barua yako. Pole sana kwa kuumwa. Mungu akupe afya njema.

Bakiri


Fordsburg, 14 Agosti 2003

Bakiri,

Umeniandikia pole. Umeniita ndugu.

Sahani ile haikuniuma hivi.

Mtani wako, hata ukikataa,
Luka


Fordsburg, 8 Septemba 2003, saa sita mchana

We Luka, mtumwa wangu, mwizi wa nyama,

Hujambo huko? Mi nina hasira, ndo afya yangu.

Chini ya kopo kuna barua yangu ya tarehe ishirini na tano mwezi uliopita. Bado iko pale. Nilikutukana kurasa mbili, wewe na babu yako na punda wa babu yako. Nilikesha naandika, mi mtu wa darasa la nne. Nikasema mchana ataisoma. Hukuja. Kesho yake hukuja. Angélique akaniambia kwa Kiswahili chake cha Kongo, "Papa Bakiri, ule rafiki yako alikuwa anaachaka nyama yote. Sasa yeye mwenyewe haji." Nilipofika kwenu Hillbrow walikuwa wameshakupeleka hospitali, na hospitalini nikakuta kitanda kimetandikwa. Ulishindwa kusubiri? Maisha yako yote ulikuwa unachelewa, hili tu ukawahi?

Jumamosi wamekuzika. Wamekusifu sana. Mchungaji kasema ulikuwa mpole, mtu wa maneno machache. Nikasema moyoni wamekosea maiti.

Basi kabla jeneza halijateremshwa nikaruka ndani ya kaburi, na kanzu yangu. Nikalala. Nikapiga kelele, "Luka hatoshi humu! Tumboni ana nyama yangu ya mwezi na nusu! Arudishe kwanza!" Nikakuiga unavyokohoa, unavyopanda ngazi umeshika kiuno. Wimbo ukakatika. Angélique anawaeleza kwa Kizulu chake kibovu, hawamsikii. Shemeji yako Thabo akanivuta juu kwa shingo ya kanzu. Akanizaba kofi, eish, nikaona nyota mchana.

Mkono wangu ulipanda. Halafu nikaushusha. Nikasema hilo la kwangu, lilikuwa linanisubiri toka Juni.

Mkeo ndo akacheka. Alikuwa hajaweza kusimama tangu asubuhi, wamemshika huku na huku. Akaniangalia nilivyojaa udongo, akacheka mpaka kamasi zikamtoka, akasema kikohozi ni kile kile. Akajitoa mikononi mwa waliomshika. Akachota udongo mwenyewe.

Kwa hiyo nimejua ulikuwa unanifanyia nini siku ile chini kwenye sakafu. Nimejua na umeshakufa. Nina hasira na wewe kwa hilo, na nina hasira na mimi zaidi, lakini yangu sikwambii wewe, nakwenda kumwambia Mwatumu. Tiketi ya basi ni ya Alhamisi. Mara hii sio mwakani.

Mwenye mkahawa kaniruhusu nile mchana leo. Nimekaa kiti chako. Kari ya mbuzi imeletwa sahani mbili, Angélique kasahau, au hakusahau. Nimekula zote mbili. Kikombe chako chenye ufa nimekitia kwenye mfuko wa koti. Haki yangu hiyo. Unakitaka, inuka ukifuate Handeni, mvivu we.

Mtani wako,
Bakiri