Akili za Ukoo wa Chilongani

Jumatatu, 3 Machi
Hesabu, Darasa la Sita. Viboko vinne kwa Sechelela Chilongani. Nimeandika ubaoni 48, yeye kanakili 43. Kila siku hivyo. Baba yake, Yona, nilimchapa humu humu Kibakwe nilipoanza kazi, kwa kosa lile lile. Ukoo mzito. Mkono unaniuma.

Jumatano, 5 Machi
Mtaalamu kaja kutoka Dodoma, shati limenyooka. Analinganisha alama za wazazi na za watoto wao. Anasema akili hurithiwa, kwa hiyo masomo ya ziada ya jioni huenda yanapotezwa bure kwa koo kama hizi. Nimefurahi mno. Si ndicho ninachosema miaka yote? Kaomba majina ya wa kuondolewa masomo hayo. Nimeanza na Sechelela.

Alhamisi, 6 Machi
Kakosea kunakili tena. Nimempiga mpaka fimbo ikakatika. Kidole chake kimevimba. Hakulia, na hilo ndilo lililonipandisha hasira zaidi.

Ijumaa, 7 Machi
Yona kaja na rungu, mbele ya darasa zima. Pigo la kwanza begani, la pili mdomoni. Jino limetoka. Nikamtwanga na kiti. Damu mpaka ubaoni. Nilitaka kumuua, nasema kweli. Walimu wakatutenganisha.

Mkuu wa shule akampa Yona karatasi asaini kwamba mtoto anatolewa masomo ya ziada. Akaileta usoni mpaka ikagusa pua. Akampa binti yake, Sechelela, amsomee. Naye akaigusisha pua. Wakaikataa.

Nilikuwa nimeshika mdomo wangu unaovuja. Nikaona.

Jumamosi, 8 Machi
Siwezi kutafuna. Kurithi wamerithi kweli: macho. Miaka ishirini na mbili nimechapa macho. Mshenzi mimi.

Nimempigia simu mtaalamu afute jina. Anasema takwimu zimeshapelekwa, na urithi unaonekana wazi. Nikamwambia unaonekana, ndiyo, lakini miwani inauzwa Mpwapwa mjini. Akakata simu.

Jumatano, 26 Machi
Miwani imefika. Sechelela kanakili ubao mzima, kidole bado kimefungwa kitambaa. Hakuna kosa. Jioni nitamfundisha mwenyewe, wapende wasipende.

Yona alikuwa mlangoni. Akaomba miwani ya mtoto, akaivaa, akaniangalia kwa muda mrefu. Nadhani ndiyo mara yake ya kwanza kuniona uso vizuri.

Nikageuka, nikafuta ubao.