Kanda ya Pili ya Tluway

Kwa Marijani Dukani,
S.L.P. 23,
Karatu, Mbulu.
14 Juni, 1987

Mpendwa Kaka Yohani,

Shikamoo Kaka. Nakusalimu kutoka nyumbani kwenye ukungu na baridi; leo siku ya nne hatujaliona jua. Wewe na wifi Cresensia mnaendeleaje huko Newala? Na mguu wa Inosenti, je? Uliandika kwamba alianguka kutoka kwenye mkorosho, nikajiuliza mtoto wa Kiiraqw anatafuta nini juu ya mkorosho. Mwambie shangazi yake anampa pole, na akipanda tena nitakuja kumshusha mwenyewe.

Sisi tunaendelea. Mama magoti yanamsumbua, lakini bado anakwenda misa ya kwanza kwa miguu, na ole wake atakayejaribu kumshika mkono. Maharage tumevuna, si haba. Yule ng'ombe mwekundu wa Baba amezaa, ndama jike.

Barua yako ya mwezi wa tano imefika. Uliiandika kwa Tluway. Aliisoma mara moja, akaiacha mezani, akaenda shamba bila kugusa chai. Nikaichukua nikaisoma. Ndiyo, nimesoma barua isiyo yangu, na ukitaka kunigombeza utanigombeza, wewe ni mkubwa. Umemwita mdogo wako muuza sauti ya Baba. Umesema Baba alikufa na kinyongo kwa ajili ya gitaa lake. Umesema akutumie hiyo kanda uivunje kwa nyundo. Kaka, hayo maneno ni mazito, halafu umeyapeleka siko. Naomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujaikunja hii karatasi.

Kanda ya kwanza unaikumbuka, ile ya mwaka themanini na nne. Tulirekodi sebuleni kwetu, redio kaseti ya kuazima kwa Marijani, Tluway anaimba na sisi wengine tunaitikia. Katikati ya wimbo wa tatu kuku akataga, akatangazia kijiji kizima. Ikapendwa hivyo hivyo. Mabasi ya Arusha yaliipiga, wauguzi wa Endulen waliiagiza, na Wamaasai mnadani walikuwa wanaulizia "ile ya kuku." Watu walicheka kwa mapenzi tu, lakini mimi niliona haya, maana ni sauti yangu inayosikika mle ikimfukuza yule kuku. Nikaapa kwamba kanda ya pili itakuwa safi kama za watu wa mjini.

Nyimbo za kanda ya pili Tluway alizitunga miaka miwili. Si za kucheza. Ziko za ile njaa, tulivyopanga foleni ya mahindi ya njano na Mama akawa anasema ameshakula. Uko mmoja wa mtoto wangu Bernadina niliyemzika, nao siwezi kuusikiliza nikiwa nimesimama. Mwisho wa kanda alitaka Baba atoe slufay. Baba alikataa. Alisema slufay si wimbo, ni kuomba. Tluway akarudi tena, akakataliwa tena. Mara ya tatu Baba akakubali, akatoa sharti moja: tuwepo watu wa nyumbani, asiende kuomba peke yake.

Wewe slufay unaijua, ila naona wanao hawajaisikia hata siku moja. Uwaeleze. Mzee anasimama, anaomba mvua, anaombea mifugo, anaombea watoto wa nyumba ile, na kila sentensi anatua ili waliokaa waitikie. Wale wanaoitikia ndio wanaoipokea ile baraka. Wasipoitikia, mzee amesema tu.

Basi mwezi wa kwanza tukapanda gari la Marijani kwenda Arusha: Baba, Mama, Tluway na mimi. Mahali penyewe ni chumba kimoja nyuma ya duka, kimegawanywa kwa kioo, kuta zimebandikwa trei za mayai. Fundi ni kijana anaitwa Seif, mpole, hana neno na mtu. Alitueleza kwamba ile taa nyekundu ikiwaka, asisikike mtu isipokuwa anayerekodi. Hakujua slufay ni kitu gani, na sisi hatukumweleza. Tluway alikuwa upande wa pili wa kioo pamoja naye, anaangalia mitambo. Mimi na Mama tulikaa kwenye benchi, karibu kabisa na Baba.

Taa ikawaka. Baba akasema sentensi ya kwanza, akatua. Kimya. Akatugeukia. Mama akafungua kinywa kuitikia, na mimi, Kaka, mimi Evarista, nikamziba Mama mdomo kwa kiganja. Si Tluway. Si fundi. Ni mimi, kwa kuogopa tutaharibu kanda tuchekwe tena. Baba aliuona ule mkono. Akaendelea. Kila sentensi anatua, anangoja kama kawaida ya wazee, halafu anaendelea, na mimi bado nimeshika mdomo wa mama yangu mzazi. Aliwaombea wajukuu. Alikutaja wewe kwa jina, akakuombea njia ya kurudi nyumbani, akatua hapo kwa muda mrefu kuliko kote. Sikuondoa mkono.

Tulipotoka Tluway aliuliza mbona hatukuitikia. Nikamjibu kwamba taa ilikuwa inawaka. Akataka irudiwe. Baba akasema watu hawaombi mara mbili kwa siku moja, twendeni nyumbani. Tulipofika Mto wa Mbu, Mama alimnunulia ndizi, akaishika tu mkononi. Tulipoanza kupanda mlima ndipo akasema, "Leo nimesema peke yangu."

Ya mwezi wa tatu unayajua. Kile kifua alikuwa nacho tangu zamani, na daktari alishatuambia. Simu ya maandishi ilikufikia siku tisa baada ya mazishi kwa sababu ya mafuriko, na hilo hakuna anayekulaumu hapa. Najua jinsi linavyokuuma. Nadhani ndilo lililoandika ile barua.

Kanda zikatoka wiki ya Pasaka. Tukaipiga uani kwa Marijani baada ya misa, watu wamejaa hadi barabarani. Nyimbo zilisikilizwa kwa utulivu ambao sijawahi kuuona. Wanawake walilia waziwazi kwenye ule wa njaa. Nikajisemea, Tluway amefika. Halafu ikaja sauti ya Baba. Sentensi moja, kimya. Ya pili, kimya. Mzee Josephati, rika lake Baba, alisikiliza mpaka ya tatu, akavaa kofia yake, akaondoka bila kuaga. Wazee wengine wakamfuata. Nyuma yao akina mama nao, mmoja mmoja. Kanda ilipokwisha tulibaki sisi, Marijani, na mkewe Mwajabu ambaye hakuelewa watu wamekasirikia nini.

Maneno yakaanza. Kwamba mtoto amemfanya baba yake aombe mbele ya mashine. Kwamba ndiyo maana mzee hakumaliza masika. Tluway alisimama kanisani akasema kosa ni lake. Alijua halikuwa lake, Mama alishamwambia. Na mimi niliyekaa safu ya pili nilinyamaza tena. Akazikusanya kanda zote kutoka dukani. Gitaa amelifunga ndani ya gunia. Kwaya wamemfuata mara mbili, anasema ana kazi ya shamba. Anakonda, Kaka. Nimemuona mwanaume mzima akipalilia na midomo imekaza kama anazuia kitu kisitoke.

Mwezi uliopita nilishindwa. Nikaenda kwa Mzee Josephati nikamwambia yote, nikiwa nimepiga magoti. Hakunifokea, afadhali angenifokea. Alisema hakuna aliyeuawa na redio, na akaahidi atawaambia wenzake. Kisha akasema, "Baba yenu aliomba, na walioombewa ni ninyi. Sisi majirani hatuwezi kuwapokelea. Kaeni watoto wake wote na mama yenu, mpige hiyo kanda, na kila anapotua muitikie. Aanze mkubwa."

Mkubwa ni wewe. Kwa hiyo kanda sikutumii, na nyundo yako itafute kazi nyingine. Njoo. Shule zikifungwa tu, njoo. Hasira zako njoo nazo, ila zishushe kwangu, na huyu Tluway umwombe radhi kwa mdomo wako mwenyewe. Niliogopa kukuandikia haya tangu Pasaka. Sasa umejua dada yako ni mtu wa namna gani.

Msalimie sana wifi Cresensia, asante kwa korosho alizotuma, Mama alizificha chumbani kwake. Wasalimie Inosenti na Clemensi. Marijani na Mwajabu wanawasalimu. Tluway hakusema nikusalimie, lakini alipita hapa nikiandika, akauliza kama huko mvua zimekatika. Mungu awalinde, na akufungulie barabara.

Jana nilimwambia Mama kwamba kama Kaka hatakuja, tuitikie sisi watatu, yaishe. Aliniangalia, akasema, "Wewe uliniziba mdomo mara moja, Evarista. Safari hii nauziba mwenyewe, mpaka Yohani aje." Kaka, Mama ana miaka sabini na mitatu.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata ukinikasirikia,
Evarista